Mwanafunzi wa Mkwe Wangu

4 Machi

Mvua imeanza leo mchana, na imekuja kwa kishindo. Nafungua daftari jipya. Miaka yote niliyotunza stoo ya shule ya bweni niliandika hali ya hewa kila siku, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye maharage kazi imekwisha. Nimestaafu, sina maharage ya kulinda, ila mkono umezoea na sina nguvu za kuukataza.

Mkwe wangu anaanza masomo ya Kiingereza ya jioni. Aliniambia akiwa amegeukia sufuria, maana huyu hakutazami akikupa habari. Ndiye niliyempa jina Kimya wiki ile mwanangu alipomleta, na jina likamkaa. Mwanangu ni dereva wa lori, siku nyingi yuko barabarani, kwa hiyo nyumba hii ni mimi na Kimya, na nikikusanya maneno yote aliyonipa tangu aolewe hayajazi kikapu. Anapiga pasi kwa dobi. Anasema bosi anatafuta mtu wa kukaa kaunta kupokea nguo za wageni, na lazima ajue Kiingereza kuzidi kile cha shule alichobakiwa nacho.

Nikamwambia ni vizuri, huenda Kiingereza kikamtoa maneno ambayo Kiswahili kimeshindwa kumtoa. Akacheka kidogo, akafunika sufuria.

6 Machi

Mvua. Mtu kahamisha kigoda cha jikoni. Nimejigonga goti la kushoto, linauma.

9 Machi

Mvua asubuhi, mchana manyunyu.

Mwalimu wa Kimya ni mzee aliyekuwa mkalimani wa mahakama. Anafundisha kwenye chumba kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ana sharti lake moja: kila anayejifunza kwake lazima awe na mwanafunzi wake nyumbani. Unalolipata jioni, umfundishe mtu kabla hujarudi darasani. Mwisho wa muhula unamleta huyo mtu, mzee anamtahini yeye, wewe umekaa pembeni. Akifeli, umefeli.

"Na wewe umempata nani?" nikauliza.

Kimya akaniangalia tu.

Nilimwambia mimi nimefundishwa na walimu wa kweli, wenye viboko, siwezi uzeeni kufundishwa na mpiga pasi. Akasema, "Sawa, Mama," akaenda kuanua nguo. Baadaye nikafikiri: redio imeingia maji, goti linauma, jioni ni ndefu. Nikamwita nikamwambia alete hicho Kiingereza chake.

10 Machi

Somo la kwanza ni neno "say". Kimya alikwenda dirishani, akanipa mgongo, akaiambia mvua kitu ambacho sikukisikia. Akageuka. "Hiyo ndiyo 'say', Mama. Maneno yametoka. Nani kayapata, shauri yake."

Nikamwambia basi ukoo wa marehemu mume wangu wote wanajua "say".

16 Machi

Mvua haijakatika tangu juzi. Leo somo lilikuwa "tell". Kimya alivuta kiti akaketi mbele yangu, magoti yetu yakakaribia kugusana, akanishika mkono. "Mama, supu imeungua," akasema. "Hii ni 'tell'. Hapa lazima kuwe na mtu, na umtazame."

Nikamuuliza kama supu imeungua kweli. Imeungua. Alikuwa ameisahau akipanga somo. Tumekula mkate na chai, na kusema kweli tumecheka.

17 Machi

Mwanangu amepiga simu kutoka njiani. "Mama, umeweka dawa ya macho?" Nikamjibu nimeweka. Sijaweka. Ile dawa aliniambia ni ya kuondoa uchovu wa macho, na mimi sijachoka. Inatiwa tone tone na inawasha. Naitunza kwa siku nitakazokuwa nimechoka.

19 Machi

Mvua. Nimemimina chai nje ya kikombe. Kimya alikuwa amekisogeza. Nilimgombeza, hakujitetea, akapangusa meza. Mtu asiyejitetea ananiudhi kuliko mbishi.

23 Machi

Leo Kimya ameongea kuliko mwezi mzima uliopita. Alikuwa akikunja nguo huku ananieleza habari za yule mwalimu. Anasema mkalimani wa mahakama ana kanuni: haongezi, hapunguzi, hapambi. Mshtakiwa akisema "mimi nilichukua ng'ombe," mkalimani naye anasema "mimi nilichukua ng'ombe." Hasemi "anasema eti alichukua." Siku za mwanzo, mzee alipotoka mahakamani, watu walimkimbia sokoni kwa sababu walimsikia akikiri wizi wa kila aina.

"Na mtu akitukana?" nikauliza.

"Anatukana, Mama. Alimtukana hakimu kwa Kiingereza safi, hakimu akaandika, wakaendelea."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimtazama akikunja shati, kola juu, mikono nyuma, kadi ndani, haangalii hata mkono unafanya nini. Ana sauti nzuri huyu mtoto, nzito kidogo. Sijui amekuwa akiificha wapi.

26 Machi

Nimekuta kitambaa chekundu kimebandikwa ukingoni mwa ngazi ya mlangoni. Nyumba yangu sasa imekuwa duka la mitumba. Nilimuuliza Kimya cha nini, akasema, "Kinapendeza." Hakipendezi.

30 Machi

Mvua kubwa, barabara imekuwa mto. Somo lilikuwa "inform". Kimya alisema ni kumpa mtu habari inayomhusu yeye, ambayo alikuwa hana. Nikamwambia hayo nimeelewa, nipe mfano, kama ulivyoniambia supu imeungua.

Alifungua daftari lake, akalifunga. Nikadhani anatafuta. Kisha akainuka, akasema, "Mfano tufanye siku nyingine, Mama," akaenda chumbani kwake. Alisahau hata kuchukua taa.

5 Aprili

Mwanangu amerudi, amekuja kunipeleka kliniki ya macho keshokutwa kama tunavyofanya kila baada ya muda. Jioni walikuwa kibarazani yeye na mkewe, mvua inapiga bati, wakidhani sisikii. Nilisikia mwanangu akisema, "Wewe nyamaza tu kama siku zote." Na Kimya akajibu, "Nimenyamaza vya kutosha."

Sipendi. Mwanamke aliyekaa miaka hajibu, sasa anamjibu mumewe, na muda wenyewe ni tangu aanze kupanda ngazi za yule mkalimani. Mzee mwenye maneno mengi ni mtu wa hatari. Nalala na wazo hilo. Kama anataka kutuacha, aniambie mimi kwanza, nianze kuzoea kutokuwepo kwake.

7 Aprili

Nimerudi kliniki. Sitaki kuandika, lakini nisipoandika leo nitabadilisha maneno.

Tulikwenda watatu. Kimya huwa anakuja kushika mwavuli na mkoba. Daktari ni mgeni, hajui Kiswahili, na nesi ana foleni ya watu mpaka nje, kwa hiyo mwanangu ndiye hutafsiri. Kiingereza amekipata mipakani, kwenye lori. Niliweka kidevu kwenye ile mashine, nikatazama taa ndogo ya ndani, nikabonyeza kidude kila nilipoona nukta. Nukta zilikuwa chache. Nilidhani mashine imeharibika.

Daktari akageuza kiti akaongea. Aliongea taratibu, kwa muda mrefu, akanionyesha karatasi yenye duara, nusu yake imepakwa weusi. Alipomaliza mwanangu akanigeukia na tabasamu lake lile la utotoni akiwa amevunja kitu.

"Anasema unaendelea vizuri, Mama. Uzee tu. Uendelee na matone."

Nikaanza kuinuka. Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu.

"Samahani. Hajasema hivyo."

Mwanangu akasema jina lake, lile la kwao, kwa ukali. Kimya hakumtazama. Aliweka mwavuli chini, akazunguka, akachuchumaa mbele yangu mpaka magoti yetu yakagusana, akanishika mkono. Kisha akamwambia daktari kwa Kiingereza kitu, neno moja moja, na "tell" niliisikia humo ndani. Daktari akamtazama mwanangu, akamtazama yeye, akaanza upya, sentensi fupi fupi. Na Kimya akawa anasema, macho yake kwenye macho yangu:

"Mimi nina wasiwasi na wewe. Una presha ya macho. Imeshakula sehemu kubwa ya kuona kwako upande wa kushoto. Sehemu iliyokwenda siwezi kuirudisha. Nilikueleza haya mara iliyopita. Presha haijashuka hata kidogo, kwa hiyo nadhani matone hutii kila siku. Kwa nini?"

Nilitaka kumjibu kwamba mbona yeye hajaniambia, halafu nikakumbuka kwamba anayeongea ni daktari. Sauti ya Kimya, maneno ya daktari. Hakuongeza. Hakupunguza. Alipofika kwenye "siwezi kuirudisha" alinibana mkono, lakini alilitoa neno lote.

Nikasema, "Niliambiwa ni dawa ya uchovu." Akalipeleka hivyo hivyo. Mwanangu alikuwa amegeukia ukuta.

"Muulize nitakuwa kipofu?"

Nilimwona akitaka kulikwepa swali. Akaliuliza. Daktari akajibu, naye akanipa:

"Sijui. Ukitia matone asubuhi na jioni, bila kuruka, una nafasi nzuri ya kuzeeka ukiwa unaona. Usipotia, utapofuka. Nasikitika kukwambia, lakini ni macho yako."

Kigoda hakikuwa kimehamishwa na mtu. Wala kikombe.

Nyumbani mvua ndiyo iliyoongea.

8 Aprili

Mvua.

9 Aprili

Mvua. Mwanangu amenibishia mlango, nimemwambia nalala.

10 Aprili

Nina hasira, na hasira yangu iko kwa Kimya. Najua si haki. Mwanangu ndiye aliyeficha, ila sauti niliyoisikia ikisema haitarudi ilikuwa yake yeye, na mbele ya mgeni, nami nimevaa gauni zuri. Kila akiita "Mama, chai" naisikia ile nyingine. Sijatia dawa. Ya nini.

11 Aprili

Kimya ameingia bila kubisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Alikuwa na kichupa cha dawa mkononi.

"Mama, nikasirikie unavyotaka. Dawa haijakukosea."

Nikamwambia atoke. Akaketi.

Nikamuuliza alijua tangu lini. Akasema hakujua, alishuku. "Mara iliyopita, Mama, daktari aliongea mpaka nesi akachungulia kuona kama tumekwama. Halafu mume wangu akasema uko vizuri. Nikajiuliza yale maneno mengine yote yameenda wapi. Nilimuuliza nyumbani, akasema niyaache. Nikakuona unaanza kujigonga. Nikaona kama hayupo wa kuniambia, nikayasikie mwenyewe."

"Kwa hiyo kile Kiingereza cha kaunta?"

"Kaunta ilishapata mtu kabla sijaanza, Mama. Mpwa wa bosi."

Nilikaa na hilo neno. Mwanamke anasimama mchana kutwa anapiga pasi mashati ya watu, kisha jioni anapanda ngazi kwenye mvua kujifunza lugha isiyompa cheo chochote, ili siku moja, kwenye chumba kimoja, asikie maneno ya macho yangu. Na mimi nilikuwa namshuku mzee wa watu. Nimeishi na Kimya miaka yote hii nikihesabu alichokuwa hasemi, na sikuwahi kutazama alichokuwa anafanya. Kile kitambaa chekundu ni cha ngazi ninayojikwaa.

"Ule mfano wa 'inform'," nikamwambia, "ulikuwa unautafuta wapi siku ile?"

"Nilikuwa nao," akasema. "Sikuwa na uhakika, na sikuwa na ujasiri."

Niliegemeza kichwa nyuma. Tone la kwanza lilinitelemka shavuni kwa sababu nilikuwa nalia, ikabidi atie jingine.

13 Aprili

Mwanangu anaondoka kesho. Nilimfuata kwenye lori, nikapanda kiti cha abiria, tukakaa vioo vimefungwa. Alisema, "Baba alipoambiwa ugonjwa wake aligeukia ukuta, Mama. Hakugeuka tena. Niliogopa na wewe utafanya hivyo."

Nikamwambia mimi si baba yake, na ukuta wa chumba changu una unyevu, siwezi kuugeukia. Alicheka na kulia kwa pamoja, jitu zima. Nimemsamehe, lakini nimemwambia kliniki ijayo atashika mwavuli.

20 Aprili

Mvua imepungua. Matone asubuhi, matone jioni. Yanawasha vile vile.

27 Aprili

Neno la mwisho la muhula ni "teach". Nilidhani Kimya atanipa maelezo. Hakunipa. Alinifunga kitambaa macho yote mawili, jikoni kwangu mwenyewe, akasema, "Mimina chai."

Nilimwambia ana wazimu. Akaniwekea kidole changu kwenye ukingo wa kikombe, ndani, na mkono mwingine kwenye birika, maji ya uvuguvugu tu. Nikamwaga. Tena nikamwaga. Akasema pole, akapangusa, akasema tena. Mpaka nikasikia maji yakibadilisha sauti yanapokaribia juu, yakanigusa kidole, nikaacha. Kikombe kimejaa sawasawa.

"Hii ndiyo 'teach', Mama. Nakaa hapa mpaka siku usiponihitaji."

"Daktari amesema naweza kuzeeka ninaona."

"Amesema. Na mimi naomba iwe hivyo. Lakini nikufundishe sasa, ukiwa huna haraka."

Nimekaa na walimu maisha yangu yote, nikiwapimia sukari. Wengi walikuwa wazuri. Sijaona kama huyu.

6 Mei

Kumekucha bila mvua. Ngazi za mlangoni nazishuka kwa kuhisi kwa kisigino, hivyo hivyo alivyonielekeza. Meza, mlango, birika: nagusa kwa nyuma ya mkono kwanza. Kigoda kina mahali pake sasa na ole wake atakayekisogeza.

14 Mei

Mistari ya daftari imeanza kunipotea upande wa kushoto. Kimya ameleta ile kadi ngumu inayowekwa ndani ya shati lililokunjwa, akaikata dirisha refu la mstari mmoja. Naiweka juu ya ukurasa, naandika humo ndani, nateremsha. Leo ndiyo naitumia mara ya kwanza. Kama nimeandika juu ya maneno mengine, atakayesoma anisamehe.

23 Mei

Mtihani. Manyunyu kidogo asubuhi, baadaye jua.

Nilivaa lile gauni la kliniki. Ngazi za juu ya duka la vifaa vya ujenzi ni nyembamba na hazina pa kushika, lakini nilizipanda mwenyewe, mkono kwenye ukuta, Kimya nyuma yangu amejizuia kunishika. Nilimsikia akijizuia.

Mwalimu ni mzee mwembamba mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, na najua nani alilipiga. Chumba kilijaa watu na wanafunzi wao wa nyumbani: waume, wadogo zao, shangazi mmoja aliyelala. Kila mtu alisema alichofundishwa. Mmoja alitaja siku za wiki, mwingine rangi.

Zamu yangu ikafika. Kimya alikaa pembeni, hana ruhusa ya kunisaidia. Mzee akaniuliza kwa Kiingereza, polepole, nimejifunza nini. Nilikuwa nimeandaa yale maneno yote kwa mpangilio, na maana zake. Nilisimama, yakanitoka. Nikabaki na yaliyokuwepo.

"My son said I am fine," nikasema. "My daughter told me."

Mzee akamgeukia Kimya. Akasema Kiswahili, "Nilidhani wewe ni mkwe."

"Ni mkwe," Kimya akasema.

Nikamwambia mzee kwamba nimesema nilichosema.

"Basi," mzee akamwambia Kimya, "watafsirie wenzako. Unaijua kanuni."

Kimya akasimama. Nilimwona vizuri, alikuwa upande wangu wa kulia. Alishika mikono yake mbele, akavuta pumzi, akasema kama wanavyosema mahakamani, kwa nafsi ya aliyenena:

"Mwanangu alisema niko mzima. Binti yangu..." Hapo sauti ikamkatika. Mzee akangoja. Mimi nikangoja. Angeweza kuweka neno jingine, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Binti yangu aliniambia," akamaliza.

Mzee akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwita anayefuata. Tuliteremka ngazi mimi mbele, binti yangu nyuma. Barabara imeanza kukauka.